Mtani Hajibiwi kwa Ahsante

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia neno "utafiti" inanijia mbio kama mbwa aliyeitwa. Nakumbuka ilikuwa Jumamosi, jua la Tabora limetukalia utosini, na nyumba yetu ya Cheyo imejaa watu hadi mbuzi wa jirani wakakosa njia. Tulikuwa tunamsherehekea dada yangu Zainabu, ambaye jioni ile alikuwa apande gari moshi kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko apande ndege kwenda Ulaya. Pilau iliyopikwa ingetosha kulisha jeshi na farasi zake.

Nakuandikia hayo kwa sababu nimesikia chuo chenu kimekutunuku. Hujamaliza hata shahada ya kwanza, na tayari utafiti wako juu ya wafuga nyuki wa Isikizya unakupeleka kwenda kuusoma mbele ya vijana wa dunia nzima. Tangu nipate habari hizo sijatulia. Nakaa, nasimama, namwagilia mchicha ambao nimekwisha kuumwagilia. Mama yako anasema babu ana furaha. Ni kweli ninayo, lakini furaha yangu ina mwiba, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa hiyo nikae chini nikueleze, kisha wewe utajua la kufanya.

Zainabu alikuwa msichana wa kwanza wa mtaa wetu kufika chuo kikuu. Tangu akiwa mdogo alisoma shule za bweni, akawa anakuja nyumbani likizo kwa likizo, kama mvua za vuli. Mimi nilikuwa fundi baiskeli. Mchana nilikuwa nikiziba pancha, jioni nakwenda darasa la watu wazima, na siku niliyopewa cheti changu nilitembea nacho kifuani mpaka watu wakadhani nimechaguliwa kuwa mbunge. Ndiyo miaka ile ya baada ya Uhuru, ukifungua redio unasikia elimu, ukifunga unasikia ujamaa. Hata kuku wa Cheyo walijua maana ya kujitegemea.

Huko chuoni waliambiwa: historia yetu imeandikwa na wageni, sasa rudini makwenu likizo hii mkaikusanye kutoka vinywani mwa wazee. Zainabu akachagua wapagazi, wale waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa kwetu, wakakata Ugogo wote hadi pwani, kabla reli haijazaliwa. Babu yetu mzaa baba alikuwa mmoja wao, ila alikwisha kufariki. Basi dada akaenda Puge, akazunguka vijiji, na mwisho akaja kumwuliza Mzee Kondo wa mtaa wetu wenyewe.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo. Ujana wake alipanda na msafara kutoka pwani, akafika Tabora, akaoa, akasahau kurudi. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda vya kamba, na kitanda alichokiwamba yeye kingeweza kumlaza tembo. Na Mzaramo na Mnyamwezi, mwanangu, ni watani. Kama hukulijua hilo nitamlaumu baba yako. Utani ule ulizaliwa njiani, kwa watu waliolishana na kuzikana wakiwa mbali na kwao. Mtani wako anaweza kukukamatia jogoo mchana kweupe, anaweza kumtukana marehemu wako juu ya jeneza, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unacheka, kisha unamrudishia.

Dada aliporudi chuoni aliyaandika yote, akaalikwa kwenda kuyasoma Ulaya. Sasa turudi kwenye pilau. Balozi wa nyumba kumi alisimama akaanza, "Ndugu wananchi!" Hotuba yake ilikuwa na mwanzo mrefu kuliko reli ya kati. Baba yangu, aliyekuwa muuza vitambaa sokoni, hakukaa kitako. Alikuwa anatazama jua, anatazama sanduku la Zainabu lililosimama mlangoni, anatazama jua tena. Ndipo shangazi yetu Mwamvua alipomkatiza balozi.

"Balozi, pumzika unywe maji. Mimi nimepiga vigelegele mpaka koo limekauka, na sijui nilichokipigia. Zainabu, hebu tusomee hicho ulichoandika."

"Kimeandikwa Kizungu, dada," akasema baba.

"Mwandishi si huyu hapa? Ana mdomo. Ageuze."

Watu wakapiga makofi. Zainabu akatoa karatasi zake, akachagua ile sura waliyoipenda kuliko zote huko chuoni, sura iliyompatia safari. Akasimama wima, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Wapagazi wa Kinyamwezi walipofika pwani mara ya kwanza, hawakuitambua bahari. Waliidhania kuwa mto uliofurika. Kwa hiyo walipiga kambi ufukweni, wakangoja maji yapungue wapate kuvuka."

Kicheko kililipuka, nadhani Nzega walikisikia. Zainabu akatabasamu, akaendelea: "Wengine walirudi bara wamebeba maji hayo kwenye vibuyu, wakiamini ni mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi."

Hapo shangazi Mwamvua alianguka juu ya jirani yake. Balozi alipaliwa na chai. Mimi mwenyewe nilijifuta machozi kwa kitambaa cha mezani.

Ndipo dada akasoma sentensi iliyofuata. "Jambo hili linatuonyesha jinsi fikra za watu wa bara zilivyokuwa bado..."

Kicheko kikakatika kama taa iliyopulizwa. *Linatuonyesha.* Tukatazamana. Tulidhani anatuchekesha, kumbe anatufundisha.

Mzee Kondo peke yake hakuwa amecheka tangu mwanzo. Aliweka bakuli lake chini polepole.

"Mjukuu wangu," akasema, "umeyaandika hayo?"

"Nimeyaandika, babu. Kama ulivyonieleza."

"Siku ile nilikutukania babu yako na wazee wako wote mpaka wa saba. Kisha nikakaa nasubiri unirudishie. Wewe ukaniambia nini?"

Zainabu akajibu: "Nilikuambia ahsante."

"Ahsante!" Mzee akatugeukia sisi sote kama anayeshtaki. "Natukana, mtoto anaandika. Naongeza tusi, anasema 'endelea, babu.' Nilirudi ndani nikamwuliza mke wangu, hivi huyu bado ni mtani wangu, au tumemkosea nini?"

"Lakini kwa nini hukuniambia kweli?" Dada alianza kutokwa na machozi. "Nilikuja kukuuliza kwa heshima."

"Ulikuja kama karani wa kodi! Hukukaa. Hukusema hata 'hodi, mla ng'onda,' unisute kwa samaki wetu wakavu wa pwani. Wewe ni mjukuu wa mpagazi, nami nilitembea njia ileile. Mtani ukimjibu kweli tupu kabla hamjataniana, umemfanya mgeni. Sikutaka kukufanya mgeni, mama."

Zainabu alikuwa ameshika zile karatasi kama mtu aliyeshika mtoto mwenye homa. Alikwenda hatua mbili kuelekea mlangoni, akarudi. Hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake.

Balozi ndiye aliyeona mwanga. "Basi tatizo liko wapi? Ulaya nani anaujua utani? Wewe nenda, soma kama kilivyo. Wakicheka sawa, wasipocheka sawa. Bendera yetu ipepee!"

"Maneno hayo," akasema baba. "Gari moshi halimsubiri mtu. Sanduku limefungwa, Zainabu. Watajuaje?"

Dada akamtazama baba. Alikuwa binti mwenye adabu, hajawahi kumjibu baba neno mbele za watu.

"Baba, yule anayengojea mafuriko yapungue ni nani? Si baba yako? Wageni walituandika wajinga miaka yote, tukasema ni kwa sababu ni wageni. Leo niende mimi, mwana wa Cheyo, nikaandike hivyo kwa mkono wangu? Tena nipigiwe makofi?"

Baba akageuka kulitazama sanduku.

"Basi toa hiyo sura, uende na nyingine," akasema shangazi.

"Wameniitia hiyo, shangazi. Nikienda bila hiyo sina cha kusema. Nikienda nayo nasema uongo."

Kisha, machozi yakiwa bado yanamtiririka, akamgeukia Mzee Kondo na kumsogelea mpaka pua kwa pua. "Na wewe, mla ng'onda! Umesema wazee wangu walibeba maji ya chumvi. Mbona hukusema nani aliwauzia? Si ninyi? Mmekaa ufukweni mnapiga ngoma kutwa, jembe hamlijui, mkawaambia huo ni mchuzi wa harusi, na harusi yenyewe mpaka leo haijakwisha!"

Mzee Kondo alijipiga paja, kofi lile likasikika kama bunduki. "Naam! Karibu nyumbani!" akalia. "Karibu nyumbani, mama!" Na vigelegele vilivyopigwa hapo, mwanangu, havikuwa vile vya asubuhi. Hivi kila mtu alijua anampigia nani na kwa lipi.

Nisikudanganye lakini. Utamu ule haukumaliza uchungu. Zainabu alikwenda posta kabla haijafungwa, akampelekea mwalimu wake simu ya maandishi kwamba sura si ya kweli na haendi. Jioni honi ya gari moshi ililia, tukaisikia sote pale uani. Baba alikuwa akitembea kutoka ukutani hadi ukutani. Sanduku lilibaki mlangoni, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kulirudisha chumbani. Nafasi ile ilipewa mwanafunzi mwingine. Unangoja nikwambie kwamba mwaka uliofuata walimwita tena? Hawakumwita.

Ila likizo iliyobaki alihamia uani kwa Mzee Kondo. Asubuhi anafika na tusi jipya, anajibiwa, anarudisha, wanacheka, anapewa kamba ashike upande wa pili wa kitanda. Na kicheko kikishatua, kweli inatoka yenyewe. Akaelezwa jinsi Mnyamwezi alivyougua homa Ugogo na Mzaramo akabeba mizigo miwili, wake na wa mgonjwa. Akaelezwa nani alimwosha nani alipofariki, na kwa nini tangu siku hiyo wajukuu wao wana haki ya kutukanana. Kumbe ndiyo historia aliyokuwa akiitafuta, na mzee alikuwa akimwonyesha tangu siku ya kwanza. Aliandika upya kazi yote. Walimu wake walimpitisha, akapata shahada yake, akafundisha mpaka alipostaafu.

Baba alinuna kwa muda mrefu. Kisha siku moja, bila kuombwa, alimwambia, "Isome ile ya baba." Zainabu akamsomea kwa Kiswahili, na baba, mtu aliyekuwa hawezi kukaa hata msikitini bila kugeukageuka, alikaa mkekani ametulia mpaka neno la mwisho.

Sasa nasema nawe waziwazi, mwanangu. Dunia itakupigia makofi, na makofi ya dunia ni matamu, nami sikukatazi kuyala. Lakini anayekupongeza kutoka mbali anaipongeza karatasi. Waliokupa maneno ndio wanaojua umeyabeba salama au umeyamwaga. Kabla hujapanda ndege, nenda Isikizya. Usiende na chombo cha kunasia sauti mkononi. Nenda na sukari na majani ya chai. Kaa chini. Wasomee wale wafuga nyuki ulichoandika juu yao, kwa lugha yao. Wakicheka, uliza wanacheka nini. Wakinyamaza, uliza zaidi. Na kama kuna mahali umekosea, bora aibu ya uani kuliko sifa ya ukumbini. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na kuinama hakujawahi kumvunja msomi kiuno.

Najua ndege ni wiki ijayo na una mambo mengi. Najua pia wanaweza kukuambia neno litakaloharibu safari. Ndiyo maana situlii. Nenda hivyohivyo.

Mungu akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi. Akupe walimu wakali na marafiki wasiokuogopa. Elimu yako iwe pana, lakini isikuzibe masikio. Na siku utakaporudi na tai yako na nishani yako, ukipita mtaani, atokee mtu akutukane kwa mapenzi, nawe uwe bado unajua kumjibu. Amin.