Nilivyoifungia mipilipili ndani na mzazi, kuikinga na baridi ya Dubai

Wakuu, habari zenu. Waliozaliwa juzi wanipe shikamoo yangu kwanza, ndipo waendelee kusoma.

Mimi ni bibi, nimekomea darasa la nne, na hapa naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Haya yalinikuta kweli, Dubai, baridi hii iliyopita. Sijaongeza kitu. Ningekuwa wa kuongeza ningejipamba, na humu mtaona sikujipamba.

Kwa kifupi: nusura nirudishwe Tanga kabla arobaini ya mjukuu wangu haijaisha, kwa ajili ya mipilipili mitano.

Mwanangu Bakari anafanya kazi kwa wakala wa mizigo Deira. Mkewe, Hajara, ni Mganda wa Kampala, Muislamu mwenzetu, mpole, anapokea wagonjwa kwenye kliniki moja Oud Metha. Wanakaa Al Baraha, ghorofa ya tatu, chumba na sebule.

Mwezi wa kumi na mbili Hajara akajifungua mtoto wa kiume. Bakari akanitumia tiketi, nije nimlee mzazi.

Mjukuu wangu mzuri jamani. Nyusi za babu yake, masikio yangu mimi. Wenye wajukuu wa kawaida mnisamehe.

Nafika, mtoto ana siku tano. Mzazi namkuta wapi? Balkoni. Miguu mitupu, mtoto kifuani, upepo unampiga, na pembeni yake ndoo tano za rangi zimepandwa mipilipili. Anaongea nayo.

Kwetu mzazi ni siku arobaini ndani. Upepo hapigwi, maji baridi hagusi. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke. Mimi nimezaa sita na nimelea wazazi kumi na moja, na wote wapo hai, wengine wananidharau.

Nikamwambia ingia ndani. Akaingia. Nikafunga mlango wa balkoni, nikavuta pazia, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Ikabaki ile mipilipili. Nikaichungulia kwenye kioo, ina maua meupe na vipilipili vibichi vya kwanza. Jioni ile nilikuwa nimevaa masweta mawili na soksi za Bakari. Nikasema, kama mimi mtu mzima natetemeka, kimti kilichotoka kuzaa kitakuwaje? Maana kuzaa ni kuzaa.

Hajara akasema kwa sauti ndogo kwamba kamulali, ndivyo wanavyoita pilipili kwao, hali ya hewa hii ndiyo inayoipenda. Nikamuuliza amejulia wapi, mtoto wa juzi yeye.

Na ushahidi nilikuwa nao. Kwenye simu nilimuona Mzungu mmoja amevaa kofia ya sufu, theluji imemfika magotini, anaonyesha kwamba baridi ikija pilipili zinaingizwa ndani, zinakatwa matawi, zinalala mpaka baridi iishe. Kizungu sikijui, ila mikono yake niliielewa yote.

Nikampa Hajara aone. Akaitazama ile theluji. Akatazama dirishani, watu wanapita na mashati ya mikono mifupi. Akanirudishia simu.

Nikajua nimeshinda.

Nikaingiza ndoo zote tano chumbani kwa mzazi. Mpilipili mkubwa kuliko yote nikaukata kwa mkasi wa jikoni, nikaacha kisiki. Kila ndoo nikaivika kanga. Bakari nikamtuma hita ya umeme. Maji nikawa nainywesha ya vuguvugu. Chumba kimoja kikawa na wazazi sita, mimi mkunga wao.

Wiki ya kwanza maua yakadondoka. Nikasema hii ni baridi ya mwanzo, ilishaiingia. Nikaongeza hita.

Wiki ya pili majani yakawa njano. Vikaja vidudu vyeupe, ukigusa tawi vinaruka kama unga. Vikahamia kwenye chandarua cha mtoto. Nikaongeza hita.

Na Hajara akanyamaza. Uji anabakisha nusu. Nikimkanda anatazama ukuta. Nikisema hivi, sawa mama. Nikisema vile, sawa mama. Nikampigia dada yangu Tanga nikajisifu, nimepata mkwe mwenye adabu ambaye wewe hujapata.

Wakuu, ile haikuwa adabu.

Siku ya kumi na saba tangu nifike, Bakari akarudi mchana, si kawaida yake. Akanifuata jikoni, akafunga mlango. Mwanangu huyu akiwa na jambo zito hushika sikio, tangu mdogo. Alikuwa ameshika sikio.

"Mama, nafikiria urudi nyumbani mapema. Wiki hii."

Nikamuuliza, kasema mkeo?

"Hajasema. Ila kila nikimpigia simu analia, na swali lake ni moja tu. Leo siku ya ngapi."

Nikazima jiko. Nimevuka bahari kulea, narudishwa kama mzigo uliokosewa anwani.

Nikaanza kukunja nguo. Halafu hasira zikanituma, nikasema sawa, naondoka, lakini hii mipilipili yenye wadudu siiachi na mtoto. Naitupa mwenyewe. Nikaishusha kwa lifti, ndoo mbili mbili, mpaka kwenye mapipa ya taka.

Chini kwenye jengo kuna mlinzi, naye Mganda, Mkristo, mstaarabu sana, anaitwa Moses. Akaniuliza natupa nini. Nikamwambia wagonjwa wa baridi.

Akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akakiona kile kisiki, akaacha kucheka.

Akanieleza taratibu. Kwamba hapa kinachoua pilipili ni joto. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa ukifungua mlango ni kama umefungua tanuri la mikate. Hajara alikuwa na mimba, akitoka ni kazini tu na kurudi. Balkoni mipilipili ikawa inaungua, basi kila asubuhi anaishusha, na tumbo lile, anaiweka chini ya ngazi penye kivuli. Jioni anaipandisha. Moses ndiye aliyekuwa akimpokea ndoo. Na kila siku Hajara alikuwa akimwambia, baridi ikifika, yeye na mtoto wake na kamulali yake watakaa nje mpaka wachoke.

Nikamwambia kwetu mzazi ni arobaini ndani.

"Jaja," akasema, kwao ndiyo bibi, "huyo dada amekaa ndani miezi minne. Alikuwa ametoka juzi tu, wewe ukamrudisha."

Nimesemwa na wengi maishani, wengine kwa matusi. Hakuna aliyenipata kama yule, tena kwa heshima.

Nikaipandisha yote. Safari hii sikuipeleka chumbani. Nikafungua balkoni, nikatoa ndoo, nikaweka kiti na mto. Kuomba radhi sijui, darasa la nne hatukufika huko. Nikasimama mlangoni nikamwambia Hajara:

"Njoo unionyeshe kila mmoja ulikuwa unakaa wapi. Nimevuruga."

Akainuka na mtoto wake. Nikamwekea ndala miguuni, hapo sikulegeza.

Akakaa. Jua la saa kumi likampiga usoni, akafumba macho, machozi yakamtoka, nikayaacha yatoke. Kisha akaanza kuninyooshea kidole. Huyu kule. Huyu ukutani. Huyu anataka jua la asubuhi. Mimi nasukuma ndoo kama kibarua.

Akafika kwenye kisiki, akakishika.

"Na huyu, mama?"

"Muulize Mzungu," nikamwambia.

Akacheka. Siku kumi na saba naishi na mtu, ndiyo kwanza nasikia kicheko chake.

Bakari akarudi akatukuta nje sote, mimi na masweta yangu mawili. Akauliza kwa woga, tiketi ya mama aibadilishe iwe ya lini. Nikatazama sakafu.

Hajara hakugeuka hata shingo. "Aende, nani atanikanda? Wewe?"

Nikabaki. Arobaini imeisha salama. Kukandwa alikandwa, tumbo lilifungwa, uji bakuli zima. Mchana balkoni. Wadudu tuliwaosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani. Mipilipili minne imerudisha maua. Wa tano una macho mawili ya kijani, tunauangalia.

Nilichojifunza ni kwamba baridi si moja. Ile ya magotini inaua pilipili, hii ya Dubai inazizalisha. Mila sijaiacha, nimeifungulia mlango tu. Na mkwe akikwambia sawa mama mara kumi kwa siku, usikimbilie simu kujisifu. Mtazame usoni.

Hajara ameshanialika tena mwezi wa sita, anasema huko ndiko kufungiwa kwenyewe. Sasa nyie mliokaa Ghuba, nielezeni kwenye komenti: mipilipili mnaivushaje kwenye joto? Na mtoto wa miezi sita je? Msiandike marefu, nasoma polepole.