Bawabu na Mlango wa Nyuma

Katika mashindano yote ya tenisi aliyosimamia pale Zagreb, hakuna aliyempandisha Dubravka presha kama bawabu wa ukumbi. Dubravka akiufungua mlango wa nyuma wachezaji wapate hewa, hageuki mara mbili kabla hajasikia kishindo: umeshafungwa. Mikono minene ya bawabu ikishafunga hupapasa ukingo wa mlango kutafuta upenyo, kisha hukaza skafu shingoni, hata ukumbi uwe tanuri. “Mzee, watu wanaiva humu!” Dubravka hufoka. “Jasho halijamuua mtu, mwanangu,” hujibu kwa sauti ya mkwaruzo. “Huo upepo wa mlango huu kutokea mlango ule ndio unaopindisha watu shingo.” Wimbo wake ni huohuo tangu enzi tenisi ya ukumbini ikichezewa juu ya zulia. Bingwa mmoja alimtukana, mwingine alimbembeleza. Wote aliwapa chai ya mitishamba, na mlango haukufunguka.

Mwaka huu mashindano yaliuzwa, yakahamishiwa nchi nyingine. Baada ya fainali ya mwisho, watu wakiwa wameshatawanyika, Dubravka aliingia ukumbini akapigwa na baridi. Milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma, ilikuwa wazi, na bawabu amesimama katikati ya uwanja, skafu mkononi, shingo tupu.

“Umerukwa na akili? Si utaumwa!”

“Acha upepo upite tu, mwanangu. Namfungia nani tena?”

Dubravka alisonya, akaenda kuufunga mlango wa nyuma mwenyewe.