Weusi Alioufuta Sharifa

Sharifa anajulikana mjini Kindu kwa mikate yake ya mchele, na kwa usafi unaoudhi watu. Mgeni hajainuka vizuri kitini, kiti kimeshafutwa. Kwa hiyo juzi Latifa, mwalimu wa kemia, binti wa shemeji yake Soudi, alipomletea kipande cha kioo kilichopakwa weusi, majirani walingoja aitishe kitambaa. Hakuitisha. Alikishika kwenye kingo kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga.

"Mama mukubwa, mbona unakishika hivyo?" Latifa akacheka. "Huu njo utando wa kaboni tu. Nilitengeneza kule nilikosoma."

"Kaboni ya makala, haya ya kupikia?"

"Ileile. Ila humu tumetia boroni kidogo."

Latifa akaketi naye mkekani, akamweleza taratibu. Kila chembe ya kaboni ina mikono minne. Katika kaboni laini, kama ya kalamu ya risasi, mitatu inashika majirani na wa nne unabaki huru. Huo wa nne ndio unaopitisha umeme. Katika almasi yote minne imeshikana, ndiyo maana almasi ni ngumu vile, na umeme haupiti. Sasa boroni ina mikono mitatu tu. Ukiiketisha mahali pa kaboni, inashika majirani wake vizuri, lakini ule wa nne haupo. Panabaki pengo.

"Musikitini, nafasi ikibaki safu ya mbele, inakuwa je?" Latifa aliuliza.

"Wa nyuma anasogea kuijaza."

"Na nafasi yake?"

"Anaijaza wa nyuma yake."

"Basi watu wanakwenda mbele, pengo linakwenda nyuma mpaka mulangoni. Humu ndani umeme unapita hivyo."

Sharifa aliinua kioo usawa wa macho. Utando wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele.

"Boroni ina ndugu yake, nitrojeni," Latifa aliendelea. "Huyo anakuja na mikono mitano, analeta ziada. Ukiwaweka jirani, mwenye ziada anamuzibia mwenzake pengo. Wanashikana kwa nguvu, utando unakuwa mugumu, umeme unakosa pa kupita."

"Subhanallah," alisema Sharifa polepole. "Mavumbi meusi, na yanajua kupanga safu."

Latifa alidhani ni kemia tu iliyomshangaza hivyo. Alikuwa hajazaliwa siku ile Sharifa alipoifuta kaboni kwa ndimu na majivu.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikufika tena Kindu, meli zilikuwa zimelala bandarini, na Abdoul, mume wa Sharifa, alikuwa amekwama Kalima alikokwenda kununua kasiteriti, yale mawe ya bati. Mmoja alisema amekufa. Mwingine aliapa kwamba amemwona akiuza chumvi. Kisha neno likafika: kama yu hai, Ijumaa baada ya sala angezungumza kwenye phonie ya Kalima, ile redio ya kupokezana sauti. Ya upande wa Kindu ilikuwa sebuleni kwa Soudi, mdogo wake Abdoul.

Sharifa alikuwa ameshafunga mzigo. Kesho yake kundi la wanawake lingetoka kwa miguu kwenda Kalima, na asipoisikia sauti ya mumewe angefuatana nao kumtafuta, njia iwe na watu wa bunduki au isiwe nao.

Na Idi ilikuwa karibu. Kabla ya Idi nyumba huoshwa hadi pembeni kusikoonekana. Soudi alikuwa bado hajaoa, basi Ijumaa hiyo Sharifa akaenda kumwoshea. Mwenyewe alikuwa msikitini. Phonie aliiacha wazi ipigwe jua kwa ajili ya unyevu, na kifundo cha sauti, kile cha kuzungusha ili kuipandisha au kuishusha, amekifungua. Sharifa akachungulia. Akaona ndani ya kifundo, chini ya kilimi cha chuma, upinde mweusi, kama masizi ya koroboi. Ndimu, majivu, kitambaa. Pakang'aa.

Soudi aliporudi aliiwasha. Kimya.

"Shemeji, umegusa nini humu?"

"Nimetoa masizi tu."

"Masizi!" Soudi alishika kichwa. "We mwanamuke, unaosha mpaka tumbo ya phonie? Siku moja utanikuta nimelala uniparue kama samaki! Ile weusi njo barabara ya sauti!"

"Basi Abdoul hatatusikia?"

"Yeye atatusikia. Siye njo hatutamusikia."

Sharifa alikaa chini palepale, kwenye sakafu aliyoiosha. Soudi alimtazama, akaacha kelele. Akatoka mbio kwa Matata, seremala wa jirani, akarudi na kalamu yake nene ya risasi. Akapaka palepale pa ule upinde, akapuliza, akapaka tena, ulimi umemtoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakufunga kitu. Alikandamiza kwa kidole kile kilimi cha chuma juu ya mstari, akawasha.

Ikatoka sauti kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Soudi akakisogeza kilimi kidogo.

"...Kindu, Kindu. Abdoul hapa. Sharifa iko?"

Sharifa alisogea karibu. Alikodolea macho mstari ule ambao kidole kimoja kingeufuta, na juu yake mumewe alikuwa anapita, mzima, na mafua yake, na ile namna yake ya kuita jina la mkewe kana kwamba amecheleweshewa chakula.

"Sharifa, kama unasikia, usitoke. Njia imeharibika. Mimi njo nitakuja. Unasikia?"

Sharifa alichukua kipaza sauti chenye kitufe cha kusemea, machozi yakimtoka.

"Bonyeza, shemeji!" Soudi alipiga kelele, kidole chake hakithubutu kuondoka. "Bonyeza kwanza! Machozi hayafiki Kalima!"

Akabonyeza.

"Nabaki," alisema Sharifa. "Abdoul, nabaki."