Chuma ya Mizani

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilitukanwa mbele ya wagonjwa. Ilikuwa ku Mambasa, mu hopitali ndogo pembeni ya barabara ya Kisangani. Muzee Shefu, mukubwa wa servisi yetu, alinituma nisogeze sanduku ya vyombo. Nikainama, nikaivuta na mikono, mugongo imepinda. Akaacha mugonjwa wake, akanijia juu.

“Weye, nani alikufundisha kuinua hivyo? Mukono ni kamba tu. Umekwisha kuona kamba inavuta ndoo peke yake mu kisima? Nguvu iko mu kiuno.”

Wagonjwa wakacheka. Mimi nilishika kasirani, na ile kasirani ndiyo ilinifundisha kazi. Nilikuwa kine. Kine ni mutu anafundisha tena muguu kutembea na mukono kushika, kiisha dokta kumaliza kushona. Ku Mambasa tulipokea watu walioangukiwa na miti mu pori na wachimbaji walioangukiwa na udongo. Muzee Shefu hakupenda mugonjwa alale. Alikuwa anasema kitanda inakula mutu polepole, inaanza na matako.

Kisha wakanihamisha Bunia, na vita ikanikuta kule. Nyinyi vijana munasikia neno vita, munafikiri kelele ya bunduki. Siye wa hopitali tulijua vita ni miguu. Miguu ya kukata, miguu ya plata, ile chokaa ngumu ya kufunga mufupa, miguu mizima ya mutu ambaye risasi ilipita mu kiuno na sasa hawezi kusimama. Mashini zetu za mazoezi ziliibwa zote, na walioiba hawakujua hata zinatumika namna gani.

Karibu na soko kulikuwa depo ya muchuuzi wa kahawa. Yeye alikimbia, akaacha chuma za mizani yake. Munazijua: chini ni mviringo na nzito, juu kuko mushikio. Nilimuomba mulinzi, akanipa. Nikazileta mu hopitali na toroka, ile gari ya mukono ya wajenzi. Dokta Direkta akanisimamisha ku mulango.

“Mama, hapa ni hopitali. Unataka kutupimia maharagi?”

“Nataka kusimamisha watu, Direkta.”

“Mutu akivunjika mugongo, ni weye nitafukuza.”

Hakuna aliyevunjika. Leo naona vijana wa Mudzipela, hapa Bunia, wamenunua chuma za namna ile ile, za rangi, zimetoka Kampala. Wanazivuta na mikono mbele ya kioo, kisha wanajipiga picha. Ninapita pale, damu inanichemka. Acha niwaambie vile inafanywa.

Ya kwanza tuliita kuyumbisha. Unasimama miguu wazi, chuma iko katikati. Unasukuma matako nyuma, sawa mama anayefunga mulango na matako sababu mikono yake imejaa vyombo. Kisha unasimama mara moja, unabana matako, unatoa pumuzi, na chuma inaruka yenyewe mpaka ku kifua. Mikono inafuata tu. Ya pili ni kuamuka. Unalala chali ku mukeka, chuma iko juu mu mukono moja, unaamuka polepole mpaka umesimama, bila kuishusha. Hapo mwili yote inatumika: bega, tumbo, magoti, na pumuzi. Mutu anayeweza kuamuka na chuma anaweza kurudi ku shamba yake. Kutwa nzima nililalamika ile ile: acha mikono, tia kiuno.

Ndani ya wale wagonjwa kulikuwa Faustin, muashi wa Mudzipela. Risasi ilimupita mu nyonga. Walimuleta juu ya mulango ya nyumba, sawa machela, na alipoona muguu yake haimuitikie, alimuambia bibi yake Furaha aende kutafuta bwana mwingine. Furaha alikataa. Mimi nilimukalia ku kichwa.

“Mama Kine, unanichukia?”

“Nachukia kulala kwako. Amuka.”

Alianza na kachuma kadogo kabisa, akalia sawa mutoto. Akatupa fimbo moja ya makwapa, kisha ya pili. Siku aliinua ile kubwa ya kilo makumi mbili mpaka juu ya kichwa, Furaha alituletea bugali na sombe ya majani ya muhogo, tukakula wote mu sale, chumba yetu ya mazoezi. Dokta akakubali: mwisho wa juma Faustin anarudi kwake. Alikuwa tayari anasema habari ya ukuta ya nyumba yake, ile alitaka kujenga upya mbele mvua haijafika.

Mbele ya juma kuisha, Komanda mumoja wa maaskari akaja. Sitasema alikuwa wa upande gani. Wote walikuja kwetu kila mumoja na zamu yake, na wote walikuwa na kinywa ile ile. Mu soko watu walikuwa wamesema sana kwamba Mama fulani mu hopitali anatengeneza vilema wanakuwa nguvu sawa ngombe. Mudomo ya watu, jameni. Aliingia mu kiwanja asubuhi na maaskari wake, akakuta siye mu mazoezi.

“Nasikia hapa kuko watu wa nguvu. Nahitaji wa kubeba masanduku ya risasi mpaka Mambasa.”

Ile barabara niliijua. Na kila mutu pale alijua kwamba waliobeba mara za mbele hawakurudi. Nilimuangalia Dokta Direkta. Alikuwa anafungua kifungo ya koti yake na kuifunga tena.

“Kila mumoja ainue ile kubwa,” Komanda akasema. “Anayeweza, anaenda.”

Nikasimama mbele ya wagonjwa wangu, nikatoa sauti ile ya kila siku.

“Mumesikia Komanda. Inueni vile niliwafundisha: na mikono tu. Mugongo ipinde. Kiuno iache.”

Wakanielewa. Mumoja kwa mumoja walikuja, wakapinda mugongo, wakavuta, chuma ikabaki chini. Muzee mumoja alianguka na akalia muzuri sana, askari mumoja akamuhurumia. Faustin naye akaja, akavuta na mikono, akaiacha. Nikaanza kupumua.

Komanda akacheka. Akapiga chuma na kiatu.

“Mama, unakula bure. Unadanganya vilema hawa. Hii kazi yako ni takataka.”

Akageuka kwenda ku gari yake. Alikuwa anaenda. Naapa, alikuwa anaenda.

“Komanda,” Faustin akasema, “usimutukane Mama.”

Akaweka miguu yake wazi. Akasukuma matako nyuma. Nikamuita jina yake, hakusikia, ao alisikia na akakataa. Chuma ikaruka, ikapita kifua, ikaenda juu ya kichwa, na ikasimama pale, mukono imenyooka, muguu ile ya risasi imeshika udongo sawa muti. Ilikuwa kuinua muzuri kushinda zote niliona mu maisha yangu, na niliichukia.

“Huyu,” Komanda akasema.

Furaha alikuwa ku mulango ya kiwanja na sufuria yake. Walimupitisha Faustin karibu yangu. Alikuwa anacheka, yule mujinga, yule mutoto wangu.

“Mama, umeona? Hata mugongo haikupinda.”

Mutu mumoja aliyetoroka mu ile safari alituambia kwamba walimubebesha sanduku yake, na kiisha walimubebesha za wale waliochoka, sababu yeye alikuwa na nguvu. Nyuma ya pale hakuna habari. Dokta Direkta aliniambia tushukuru Mungu, wengine walibaki. Nikamujibu ashukuru yeye. Nilirudi mu sale nikaendelea na kazi, sababu kulikuwa miguu zingine.

Siku nilipokwenda pansio, kuacha kazi juu ya uzee, walinipa kitambaa ya kikwembe na hotuba. Direkta mupya akasema Mama Kine alitia watu nguvu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini. Nguvu wanaisifu wale hawajaona vile inachukuliwa.

Ile kubwa ya makumi mbili niliomba, wakanipa. Iko ku nyumba yangu hapa Bunia, mu mutaa ya Ngezi. Furaha anakuja kunisalimia, anakaa karibu nayo, anakunywa chai yake. Hajanisemea neno moja mbaya. Angenitukana, ningelala vizuri zaidi.

Vijana wanakuja vilevile, wanataka niwafundishe. Nawafundisha. Lakini mbele ya kuyumbisha, mbele ya kuamuka, nawafundisha kwanza kuvuta na mikono, mugongo imepinda, mpaka chuma inakataa kabisa. Wanacheka. Wanauliza, Mama, hii ni ya nini? Nami ninawaambia kwa ukali, na narudia mpaka wanaacha kucheka: siku mwenye bunduki atanitukana mbele yenu, acheni anitukane. Chuma ibaki chini.