Mpwa Wangu Mwenye Ualbino Kachagua Kuwa Mbaya Kwenye Filamu, Dada Ananuna

Admini, nifiche jina, ingawa hata kuku wa mtaani kwetu Gongoni watajua ni mimi. Nina miaka hamsini na mbili, ni fundi baiskeli bora Tabora nzima. Shule niliacha darasa la sita, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Naishi na dada yangu na binti yake, nimwite Tatu. Ana miaka kumi na tisa na ana ualbino.

Juzi walikuja watu wa filamu kutoka Dar. Hadithi yao ni ya shule ya bweni: mwanafunzi anaonewa mpaka anakufa, rafiki yake anawalipizia kisasi waonevu mmoja mmoja. Tatu akaenda kwenye usaili, akatema maneno mpaka mbuzi wa jirani wakaacha kula. Jibu? Atakuwa mzimu wa marehemu! Hasemi kitu, anapita tu dirishani. Wakasema hata poda hahitaji, yuko tayari hivyo hivyo.

Damu ilinichemka. Mtoto kachekwa shule nzima, leo filamu ya kukemea uonevu inamfanya kitisho?

Mimi nilichukuliwa niwe mfiwa kwenye mazishi. Sasa, mwongozaji ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda Pwani. Mtani ana haki zake msibani, hata kuzuia maziko mpaka apewe chochote. Kamera zikawashwa, jeneza likaletwa, nikarukia kaburini nikalala chali.

"Mzee, toka, unaharibu!" vijana wakapiga kelele.

"Sitoki! Mzaramo, maiti yako haizikwi hapa mpaka unikomboe!"

Walinivuta mpaka wakatoka jasho, sikutikisika hata kidogo. Nikajua sasa wataita polisi. Mwongozaji akaja ukingoni, akacheka mpaka akakaa kwenye udongo.

"Mnyamwezi wewe! Bibi yangu angekuwepo angekufukia humo humo. Haya, unataka nini?"

"Mpe mpwa wangu maneno ya kusema."

Mtani hanuni. Akamwita Tatu, akamwambia achague mhusika anayemtaka. Nikajua atachagua mlipiza kisasi, shujaa. Akasema, "Nataka yule kiongozi wa waonevu."

Tangu siku hiyo dada hanisemeshi vizuri. "Kaka, watu walikuwa wanamwogopa bure, wewe unawapa sababu. Akitoka shule nilikuwa namfungia ndani, nimemlea kwa kumficha, unajua kwa nini nilimficha. Nenda kamwambie mtani wako umefuta maneno."

Nikamuuliza Tatu kwa nini hakutaka ushujaa. Akanijibu bila kupepesa: "Mjomba, mimi ni wa kuogopwa au wa kuhurumiwa, basi. Hakuna anayedhani naweza kuwa na roho mbaya ya kawaida, kama wenzangu. Nataka wanichukie kwa nilichofanya, siyo kwa ngozi."



Jumatatu wanapiga picha. Mwongozaji kasema mama akikataa, Tatu anarudi kuwa mzimu. Sasa sikilizeni: kufuta sifuti. Anayetaka kuniandikia "mzee, mwache binti akae kimya" apite mbali, na matusi ninayo ya kutosha. Ila hofu ya dada yangu siyo ya uongo, na mimi nimeiona ikimnyima usingizi miaka yote.

Mlio na watoto kama wetu, nielekezeni: namwambiaje mama aliyemlinda mwanawe kwa kumficha kwamba mwanawe sasa anataka kuonekana?