Mbavu za Kito

Faustina Kalinga hana mdomo mtamu, na hajawahi kumdanganya mtu kwamba anao. Miaka kumi na minne amelisha farasi wa mzee Gulam shambani, ng'ambo ya Kalenga, na hakuna msimamizi aliyepita pale bila kugombana naye. Lakini huyu Masumbuko, aliyeletwa mwezi wa tano kutoka Igawa alikokuwa akinunua ng'ombe, Faustina alimchukia kwa moyo wote. Siku ya kwanza tu aliingia bandani, akamtazama Kito, farasi jike wa kijivu, akacheka.

"Tumbo lote hilo! Dada, unamnenepesha bure. Punguza pumba nusu."

"Hilo tumbo ni majani, kaka. Farasi hapimwi kama ng'ombe wa mnadani. Weka kiganja ubavuni."

"Nina macho."

Macho! Ikifika mwezi wa saba Iringa baridi inang'ata, na farasi huota manyoya marefu yanayoficha kila kitu. Kila asubuhi Faustina alipitisha kiganja ubavuni mwa Kito, akagusa shina la mkia, akashika shingo. Farasi mwenye afya, mbavu zake huzioni, ila ukipapasa unazipata chini ya nyama kidogo. Za Kito zilikuwa zinachoma mkono. Alisema, akaitwa mbishi. Alisema tena, akaambiwa anyamaze au arudi kwao akalime viazi.

Kisha akaja mnunuzi, bwana Adrian wa Mbeya, anayepandisha watalii milimani kwa farasi siku tano mfululizo. Alitaka kuondoka na Kito siku hiyohiyo. Faustina alijua kwamba kwa hali ile Kito angeanguka njiani na asiinuke tena.

"Mnaona alivyoshiba?" Masumbuko akajigamba mbele ya mzee Gulam, huku akilipiga tumbo lile kofi.

Damu ilimchemka Faustina. Alichukua mkasi wa kunyolea, akaanza kumnyoa Kito ubavu mzima mbele yao.

"We mwanamke, una wazimu?" Masumbuko akafoka, akimvuta koti. Akala kiwiko cha kifua, akarudi nyuma. Manyoya yalianguka kwenye matope, na mbavu zikatokeza moja moja, hata aliyesimama mlangoni angezihesabu.

Adrian alitazama, akasonya, akapanda gari lake bila kuaga.

Mzee Gulam alikuja juu. "Masumbuko, pumba irudi yote, leo hii." Kisha akamgeukia Faustina. "Na wewe umeniaibisha mbele ya mgeni wangu. Kusanya vitu vyako, sikutaki hapa."

"Miezi miwili nimesema, bosi. Hamkutaka hata kunyoosha mkono."

Hakuomba msamaha. Alishika njia ya Kalenga akilia kwa hasira, akiwatukana wote wawili kwa Kihehe, na Kito hakwenda Mbeya.