Petroli Yangu na Magunia Yao

Walisema sitamaliza nalo miezi mitatu. Walisema gari la petroli ambalo tairi zote nne zinavuta ni la mzungu wa mradi, ambaye mafuta hayatoki mfukoni mwake. Mtu wa Ruhuwiko, hapa Songea, akilipata atalipeleka kanisani Jumapili, na siku nyingine litalala chini ya turubai. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa dereva mstaafu wa malori ya ushirika, jirani yangu wa zamani kule Msamala. Huyu alikaa nyuma ya usukani miaka mingi bila kujua lori lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, kwa sababu mafuta yalikuwa ya umma.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya ufundi wa magari. Naitaja kwa sababu wao hawakupenda kuitaja. Waliniita fundi wa karatasi, watu ambao kwao ufundi ni kupiga nyundo mpaka kitu kinyamaze.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, fupi, la milango miwili, lililokwisha kutumiwa na watu wengine. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila kilichotumika kilishushwa bandarini, na mimi nilichagua kwa akili: injini ndogo, mwili mwepesi, lakini lenye nguvu ya kutoka kwenye tope la masika. Fedha zangu zilifika nusu ya bei. Nusu nyingine nilikopa kwa watu watatu: shemeji yangu mwenye duka mjini, baba yangu mdogo anayelima mahindi na tumbaku upande wa Namtumbo, na huyo huyo dereva mstaafu, ambaye nadhani alinikopesha ili awe na haki ya kucheka.

Kazi niliipata wiki ile ile. Biashara ya tumbaku ilikuwa imefunguliwa, na mnunuzi mmoja binafsi alitaka gari la kumzungusha karani wake wa mizani vijijini. Alilipa kwa kilomita. Mafuta yalikuwa juu yangu. Likienda kilomita kumi na mbili kwa lita, napata faida. Likienda nane, namfanyia kazi bure. Likishuka hapo, nauza gari na wao wanakaa kibarazani kunicheka mpaka nizeeke.

Safari ya kwanza nilijaza tangi mpaka shingoni, nikazunguka na karani, nikarudi kwenye pampu ile ile na kujaza tena. Kumi na mbili kamili. Nilipita Msamala taratibu ili niulizwe. Hakuna aliyeuliza.

Halafu nikamwazima dereva mstaafu gari aende msibani. Lilirudi robo tangi pungufu kuliko hesabu yangu, tairi za mbele zimesagika. Nilichungulia vile visahani vya katikati ya magurudumu ya mbele, vinavyozungushwa kwa mkono ili tairi za mbele zivute. Alikuwa amevifunga vyote viwili na kwenda hivyo kwenye barabara kavu, kwenda na kurudi.

"Nimelisaidia," akaniambia. "Tairi nne zikivuta zinapokezana, kila moja inachoka kidogo. Hilo hamkufundishwa huko?"

Nilivifungua visahani kwa vidole viwili, na kosa lake likaishia hapo.

Deni lao halikufunguka kwa vidole viwili. Hakuna kati yao aliyedai riba. Wangedai riba ningewaheshimu. Kila mmoja alihesabu mkopo wake kuwa ni nafasi ndani ya gari, isiyo na mwisho. Shemeji alileta katoni za sabuni nizishushe njiani. Dereva mstaafu alileta wakwe. Baba mdogo alileta mahindi, yakafungwa juu ya paa, pale pale upepo unapopiga. Kilima nilichopanda kwa gia ya nne nikawa nakipanda kwa ya pili, injini inalia. Kwenye pampu nikapata nane.

Nilimweleza baba mdogo habari ya uzito, upepo na gia, kwa lugha ambayo hata mbuzi angeelewa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwanangu, gari si linarudi Songea hata hivyo? Mahindi yanapanda tu, hayasukumi kitu."

Kisha akaona gunia limeegemea upande mmoja. Akaagiza lifungwe la pili, ili gari likae sawa.

Wiki hiyo hiyo, tukienda vijijini, shemeji alipakia misumari na mabati, na petroli ikaisha kabla hatujafika. Karani alikosa siku ya ununuzi wa tumbaku. Mnunuzi aliniita ofisini, akasema bila kupandisha sauti: "Mimi nimekodi gari. Sikukodi ukoo wako. Ikitokea tena, tafuta kazi nyingine."

Alikuwa mtu wa kwanza Songea kusema jambo la maana tangu nirudi.

Niliuza redio kubwa ya kaseti niliyokuja nayo. Nikauza na ile ya ndani ya gari. Nilikunywa chai kavu mpaka fedha ilipotimia, nikawalipa wote siku moja. Dereva mstaafu alihesabu mara mbili, kisha akanikumbusha harusi ya Jumamosi. Nikamwambia nauli ya basi anaijua. Shemeji alipokea bila kuinua macho kutoka kwenye mizani yake ya sukari. Nikaenda Namtumbo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Leo umewahi, magunia hayajashonwa."

Nikaweka fedha kwenye mkeka. Hakuzigusa.

"Nani amekudai?"

"Hakuna."

"Basi zirudishe mfukoni, mwanangu. Kwako zinakaa vizuri."

Nilimwita mama mdogo awe shahidi, nikahesabu noti moja moja kwa sauti. Baba mdogo alikuwa anatazama gari, si fedha.

"Kwa hiyo mahindi yangu yatafika mjini na nini?"

Nikamjibu kuna basi mara mbili kwa wiki, na kondakta anatoza kwa gunia. Akalowanisha kidole gumba, akazihesabu upya mwenyewe, kana kwamba mimi ni mtu wa sokoni.

Nilichungulia visahani vya mbele, vilikuwa wazi. Nikaondoka na kiti cha nyuma kitupu. Redio haikuwepo, kwa hiyo nilisikia injini peke yake, ikikipanda kile kilima kwa gia ya nne.